Kwa nini cierra lakini cerrad? Amri za Kihispania kwa vitenzi vinavyobadilisha irabu

Swali la msomaji: "Mimi ni mwongoza watalii Arusha. Najifunza Kihispania kwa ajili ya wageni wa Hispania na Amerika ya Kusini. Vitenzi vya kawaida havinisumbui: habla, come, escribe. Nikifika kwenye cerrar (kufunga), volver (kurudi), dormir (kulala) na pedir (kuomba) ndipo ninapopotea. Kwa nini tunasema cierra na cierre, lakini cerrad? Kwa nini dormir inatoa duerme, halafu durmamos? Je, ipo kanuni au ni kukariri tu?"

Dada, kanuni ipo. Ni moja inayobeba karibu mzigo wote, na ya pili ndogo inayohusu vitenzi vya -ir peke yake. Vitabu vingi huanza kwa kukupa jedwali la nafsi sita, kisha huzungushia nne kati yake mstari wenye umbo la kiatu na kukuambia kwamba ndani ya kiatu irabu hubadilika, nje haibadiliki. Mchoro huo hauna kosa, lakini hausemi sababu, na ukifika kwenye amri unakuacha njiani, kwa kuwa amri hazifuati jedwali lile.

Sababu ni shadda, yaani ile nguvu ya sauti inayoangukia silabi moja ya neno. Irabu ya shina hubadilika inapoangukiwa na shadda. Shadda ikihamia kwenye kiishio, irabu inarudi kuwa ileile unayoiona kwenye kamusi. Tamka kwa sauti: CIE-rra, CIE-rre, kisha ce-RRAD. Tamka VUEL-ve, VUEL-va, kisha vol-VED. Sauti nzito iko kwenye shina katika zile mbili za kwanza, na hapo ndipo e ikawa ie na o ikawa ue. Katika cerrad na volved nguvu imeenda mwisho, kwa hiyo shina limetulia.

Jambo hili linatutatiza sisi kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Kwetu shadda hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ikisogea haiigusi irabu: tunasema FU-nga, tunasema fu-NGE-ni, na ile u haijali. Kihispania kilirithi tabia nyingine. Katika Kilatini kulikuwa na e fupi na o fupi, na karne zilivyopita irabu hizo, zilipokuwa na shadda, zikapasuka kuwa ie na ue. Zisipokuwa na shadda zilibaki nzima. Ushahidi unao tayari kwenye hesabu unazowafanyia wageni: siete lakini setenta, nueve lakini noventa. Mlango ni puerta, bawabu ni portero. Kwa hiyo cierra na cerrad hazifanyi ukaidi wowote, zinafuata njia ileile ya siete na setenta. Ukilisikia hilo sikioni, nusu ya kazi imeisha.

Sasa tuje kwenye amri. Kihispania kinataka ujue kwanza unasema na nani, kwa sababu kila mtu ana umbo lake.

Unaposema na mtu mmoja kwa ukaribu, yaani tú, chukua tu umbo la "yeye" la wakati uliopo. Ukiweza kusema el guía cierra la puerta, kwamba mwongozaji anafunga mlango, basi amri unayo: cierra. Vivyo hivyo piensa, empieza, enciende, vuelve, cuenta, prueba, duerme, pide, sirve, repite, sigue. Jugar, ambacho ndicho kitenzi chenye u inayogeuka ue, kinatoa juega. Shadda katika yote haya iko kwenye shina, kwa hiyo yote yamebadilika. Kuna amri nane za tú zinazokwenda kinyume, nazo ni di, haz, ve, pon, sal, sé, ten na ven. Tatu kati yake zinatoka kwa vitenzi ambavyo kwa kawaida hubadilisha irabu: tener hutoa tiene lakini amri ni ten, venir hutoa viene lakini amri ni ven, na decir hutoa dice lakini amri ni di. Hizo zikariri, hakuna ujanja mwingine.

Kwa mtu mmoja unayempa heshima, usted, na kwa kundi la watu, ustedes, Kihispania huazima umbo linaloitwa subjuntivo. Lisikuogopeshe, kwa sababu mnalo nyumbani. Tunapotaka kulainisha amri, funga huwa ufunge, tunafunga huwa tufunge: a ya mwisho inageuka e. Kihispania hufanya mabadilishano hayohayo. Vitenzi vya -ar hupokea e, na vitenzi vya -er na -ir hupokea a. Njia ya haraka ni kuanzia kwenye umbo la "mimi", kuondoa o, na kuweka irabu ya upande wa pili: cierro hutoa cierre, vuelvo hutoa vuelva, duermo hutoa duerma, pido hutoa pida. Kwa wengi unaongeza n: cierren, vuelvan, duerman, pidan. Njia hii ina faida nyingine kubwa, kwamba hata wale wakaidi watatu wa hapo juu wanatii: tengo hutoa tenga, vengo hutoa venga, digo hutoa diga. Na kwa kuwa shadda bado iko kwenye shina, mabadiliko ya irabu yanabaki palepale.

Vosotros ndilo umbo rahisi kuliko yote, na ndilo linalowasumbua wanafunzi kwa sababu wanalitarajia liwe gumu. Linatumika Hispania kwa kundi la watu unaowazoea. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, ondoa r, weka d: cerrad, pensad, volved, contad, dormid, pedid, seguid, jugad. Shadda iko mwisho daima, hivyo shina haliguswi.

Na kama bado una shaka kwamba shadda ndiyo inayoamua, wasikilize wageni wa Argentina, Uruguay, Paraguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati. Wao kwa mtu wa karibu hutumia vos badala ya tú, na amri ya vos hubeba shadda mwishoni: cerrá, volvé, contá, dormí, pedí. Mtu yuleyule mmoja, maana ileile, lakini shadda imehama na irabu haikubadilika. Mhispania atakuambia siéntate, mtu wa Buenos Aires atakuambia sentate. Wote wawili wamesema sawasawa.

Hapa ndipo lilipo swali lako la durmamos. Nosotros ni amri ya kujijumuisha, kama tunaposema tufunge, turudi, tulale. Inatoka kwenye subjuntivo, na shadda yake iko nje ya shina. Vitenzi vya -ar na -er vinaitii kanuni ya kwanza bila tatizo: ce-RRE-mos, con-TE-mos, vol-VA-mos, en-cen-DA-mos. Kwa kanuni hiyo tulitarajia dormir itoe "dormamos", na haitoi. Vitenzi vya -ir vinavyobadilisha irabu vina kanuni ya pili: hata pasipo shadda, e hugeuka kuwa i na o hugeuka kuwa u, isipokuwa silabi inayofuata iwe na i inayosimama peke yake, bila irabu nyingine pembeni. Angalia dor-MID: silabi inayofuata ina i ya namna hiyo, kwa hiyo o imebaki. Dor-MIR, vivyo hivyo, na dor-MI-mos. Lakini katika dur-MA-mos inayofuata ni a, basi o imegeuka kuwa u. Jaribu na sentir: sen-TID lakini sin-TA-mos. Na pedir: pe-DID lakini pi-DA-mos. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotoa durmiendo na pidiendo, na wakati uliopita wa durmió na pidió, kwa sababu humo i imeungana na e au o, haisimami peke yake. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa irabu moja kuisikiliza jirani yake. Tunasema pikia lakini somea, fungia lakini chekea, na hakuna anayefikiri.

Nikushauri jambo moja kuhusu nosotros: ielewe, lakini usiikazanie sana. Katika mazungumzo watu wengi husema vamos a cerrar, vamos a dormir, na kitenzi kinabaki kama kilivyo kwenye kamusi. Ni Kihispania safi, na kundi la watalii halitatambua kwamba umekwepa kitu.

Kundi la pedir linastahili neno lake, maana wanafunzi huliweka kapu moja na dormir na kisha kusema "piede". Katika kundi hili hakuna ie kabisa. Penye shadda ni i, na pasipo shadda kanuni ya pili inaweza kuleta i vilevile: pide, pida, pidan, pidamos. Wenzake unaowahitaji kazini ni servir, repetir, seguir, vestir, medir, elegir na corregir. Sentir, hervir, preferir na divertir ndivyo vyenye ie: siente, hierve, prefiere, divierte.

Maandishi nayo yana mtego wake, ingawa mtego huo ni wa kalamu tu, si wa mdomo. Kihispania hubadilisha herufi ili kulinda sauti. Empezar kwa usted ni empiece, kwa sababu z mbele ya e huandikwa c. Almorzar hivyohivyo hutoa almuerce. Jugar na colgar hutoa juegue na cuelgue, kwani g mbele ya e bila ile u ingesomwa kwa sauti ya kooni iliyo karibu na kh yetu. Seguir hufanya kinyume, hutupa u isiyohitajika mbele ya a: siga. Corregir hutoa corrija. Oler, kunusa, hutoa huele na huela, kwa sababu neno la Kihispania halianzi na ue bila h mbele yake, lakini kwa vosotros ni oled, bila h, shadda ikiwa imeondoka.

Viambishi vya watendwa pia viko tofauti na vyetu. Sisi tunaviweka mbele ya shina: nipe, waambie. Kihispania katika amri ya kukubali huvigandisha nyuma: cuéntame, pídelo, sírvanse, muéstremelo. Kilichomo humo ni rahisi ukikumbuka kwamba shadda haihami hata neno likirefuka. Cuenta ina shadda kwenye cuen, na cuéntamelo bado ina shadda kwenye cuen. Kwa kuwa sasa silabi hiyo iko mbali na mwisho, mwandiko hukulazimu kuweka alama juu ya irabu. Alama ile haibadilishi chochote kwenye matamshi, inamwonyesha msomaji pale sauti ilipokuwa tangu mwanzo. Kwa vosotros d huanguka mbele ya os: sentaos, vestíos, despertaos. Hispania utawasikia watu wengi wakisema sentaros. Katika maandishi rasmi andika sentaos. Kwa nosotros ni s inayoanguka: sentémonos, vistámonos.

Sasa nikuonye kuhusu jozi moja ambayo mwongoza watalii atakutana nayo kila siku: sentar, kuketisha, na sentir, kuhisi. Moja ni ya -ar, nyingine ya -ir, zote zina e inayogeuka ie, na kwa sababu amri ya usted hubadilishana a na e, maumbo yao yanapishana njiani. Siéntate ni keti, kwa mtu wa karibu. Siéntese ni keti, kwa mtu wa heshima. Lakini siéntase ni jihisi, kwa mtu wa heshima, na siéntete ni jihisi, kwa mtu wa karibu. Ukimkaribisha mzee wa Kihispania kwenye gari sema siéntese. Ukimpokea kambini na kutaka ajione yuko kwake, sema siéntase como en su casa. Jifunze sentensi hizo mbili nzimanzima, kama zilivyo, na hutazikoroga.

Utajuaje kitenzi kipi hubadilika? Hapa sitakupa matumaini ya uongo: kwa kukitazama tu hujui. Entender hutoa entiende, lakini aprender hutoa aprende na vender hutoa vende. Contar hutoa cuenta, lakini contestar hutoa contesta. Cocer, kupika kwa maji, hutoa cuece. Coser, kushona, hutoa cose, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini vitenzi hivyo viwili hutamkwa sawasawa kwenye kamusi, hata irabu ya amri ndiyo inayovitenganisha. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba usiandike kitenzi kipya peke yake daftarini. Andika cerrar, cierro. Andika volver, vuelvo. Andika pedir, pido. Umbo la "mimi" likiwa pembeni, tú na usted zimekwisha kupatikana, na umbo la kamusi linakupa vosotros. Maneno mawili yanatosha kutoa karibu kila amri unayoihitaji.

Kwa kazi yako, chukua siku moja ya safari uiseme yote kwa ustedes, kisha uiseme yote kwa vosotros. Kundi lenye wazee, au lililotoka Mexico au Colombia: despiértense a las cinco, yaani saa kumi na moja alfajiri kwetu, siéntense, cierren las ventanas, kwa sababu nyani wako karibu, sigan el sendero, vuelvan al coche, prueben el pilau, recuerden llevar agua. Kundi la vijana kutoka Madrid: despertaos a las cinco, sentaos, cerrad las ventanas, seguid el sendero, volved al coche, probad el pilau, recordad llevar agua. Soma safu ya kwanza kwa sauti na usikie nguvu ikigonga shina kila mara. Soma ya pili na usikie ikigonga mwisho. Usiyasome kimyakimya, maana macho hayatakufundisha jambo ambalo liko kwenye sauti. Na kama kundi limechanganyika, au hujui wametoka wapi, tumia ustedes. Mhispania anaielewa vizuri na ataichukua kama heshima, ilhali vosotros kwa mtu wa Lima au Bogotá inasikika ngeni.

Usihofu pia kwamba amri ni ukali. Pase, siéntese, sírvase ni maneno ya ukarimu kabisa, kama karibu, keti, jipakulie. Ukitaka kulainisha zaidi, geuza amri kuwa swali la wakati uliopo: ¿me cierra la puerta, por favor? Utaona irabu imebadilika humo vilevile, kwa sababu shadda bado iko kwenye shina.

Hukuuliza kuhusu makatazo, lakini utayafikia wiki hii au ijayo, kwa hiyo nikutajie kinachobadilika. Ukiweka no mbele, kila mtu huhamia kwenye subjuntivo, hata tú na vosotros, na viambishi huruka kurudi mbele ya kitenzi: cierra la puerta huwa no cierres la puerta, na siéntate huwa no te sientes. Vosotros huacha ile d: cerrad huwa no cerréis, volved huwa no volváis, irabu zikiwa salama kwa sababu shadda iko nje. Ila dormid huwa no durmáis na pedid huwa no pidáis, maana i iliyokuwa ikizilinda o na e imeondoka, na kanuni ya pili imerudi kazini.